Goli la Nduguti

Tulimzika Elia siku ya Jumatano huko Ulemo. Upepo ulikuwa ule ule wetu wa kung'ang'ania, mpaka vijana wanne wakapangwa kushika nguzo za turubai wakati mchungaji anasoma. Baada ya maziko, sisi tuliobaki wa timu ya Alizeti, wazee watano wenye magoti mabovu, tulitandikiwa mkeka nyuma ya nyumba tukaletewa ugali na maharage. Mjukuu wa marehemu, binti wa miaka kama kumi na sita, alikuja na jagi na beseni kutunawisha. Akatuamkia mmoja mmoja, shikamoo babu, shikamoo babu, na alipofika kwa Shabani akauliza kama ni kweli babu yake aliwahi kucheza mpira. Shabani alikuwa golikipa wetu. Siku hizi jicho lake moja halioni, lakini mdomo haujapungukiwa kitu. "Babu yako?" alisema huku akikung'uta maji mikononi. "Babu yako ndiye aliyefunga goli la Nduguti." Binti akauliza kama walikuwa wanacheza na watu wa Nduguti. "Hapana, mjukuu wangu. Tulicheza na Mwamba, pale Singida mjini. Ila goli lilitoka Nduguti. Kuna mzee wa huko alitutengenezea. Babu yako alikuwa mguu tu."

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nililimeza bila kutafuna nikasema, "Shabani, goli lile halikutoka Nduguti. Hakukuwa na dawa yoyote." Wote wanne walinitazama kama nimetemea chakula mate. "Rama," Shabani alisema taratibu, "si wewe uliyetumwa? Wewe mwenyewe ulituletea masharti, tukayashika, tukashinda. Leo mwenzetu yuko kaburini ndiyo unakana?" Nikasema masharti niliyatunga. Nikarudia, kwa sauti zaidi, mpaka akina mama waliokuwa wanaosha sahani wakageuka. Wenzangu wakacheka. Mmoja akanipigapiga mgongoni akasema msiba unachanganya akili, nile kwanza chakula kisipoe. Nikala. Nimerudi mjini na hasira ambayo sijui nimpe nani, kwa sababu kila nikiisukuma kwa mtu inarudi kwangu. Kama hawataki kunisikia, basi nitaandika.

Ukoo wangu na duka la nyumbani kwetu nitaviacha, havikuhusika. Kilichohusika ni mwaka mmoja, wakati sukari ilikuwa ya foleni na sisi wachezaji wa Alizeti tulikuwa tunakunywa chai kwa asali. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, beki wa kushoto, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri nilifanywa pia katibu msaidizi wa timu. Elia alikuwa nahodha na mshambuliaji wa kati. Alitoka Ulemo kuja mjini kufanya kazi kwenye karakana ya seremala, akipiga randa mbao za vitanda tangu asubuhi mpaka saa tisa, kisha anakuja mazoezini na vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi. Jumapili alikuwa mtu wa kwaya, sauti ya nne. Mwalimu wetu wa mpira alimwambia mwanzoni mwa msimu kuwa ana mguu mmoja tu, wa kulia, na mshambuliaji wa mguu mmoja ni nusu mtu. Kuanzia siku ile, kila alfajiri kabla ya kazi, Elia aligonga mpira ukutani mwa karakana kwa mguu wa kushoto. Mwenye karakana alilalamika kuwa lipu inabomoka. Elia akaiziba lipu Jumamosi, Jumatatu akaendelea kugonga. Hayo niliyaona kwa macho yangu, kwa sababu chumba nilichokuwa napanga kilitazamana na ukuta ule, na niliulaani mpira ule mara nyingi kwa kunikatizia usingizi.

Zilipobaki mechi tatu msimu kwisha, tuliwekwa kambini kwa Mama Saida. Alikuwa mjane wa asili ya Tanga aliyehamia Singida na mumewe mfanyabiashara, na alitupa vyumba viwili vya uani vilivyokuwa stoo ya alizeti. Harufu ya mbegu haikuwahi kutoka, na usiku panya walitembea juu ya dari wakijua kila njia. Tulilala kumi na sita kwenye mikeka. Asubuhi uji wa ulezi, mchana ugali wa mtama na mlenda, au perege wa ziwa la Singidani mtu akibahatika kuwaleta. Mama Saida hakuupenda mlenda mpaka anakufa. Alitupikia kwa sababu ndio tuliozoea, lakini akiukoroga aligeuza uso pembeni. Alitulisha kama wanawe na kutusema kama wanawe. "Ninyi mnakula kama mmefunga magoli kumi," alikuwa anasema. "Haya, basi yafungeni."

Kati ya chumba chetu na sebule yake palikuwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo yote yaliyosemwa sebuleni tuliyapata. Na sebuleni ndipo ilipokaa kamati ya ufundi. Anayeujua mpira wa kwetu hahitaji kuambiwa kuwa kamati ya ufundi haishughuliki na mbinu za uwanjani. Hao ndio watu wa kutafuta wazee, wa kujua mlango upi timu iingilie na nani asisalimiwe kwa mkono. Mkuu wake kwetu alikuwa Bwana Athumani, mwenye bucha, mtu mwema aliyewapa nyama majirani bila kupima sana, ila kwenye mpira hakuamini kuwa mtu anaweza kushinda kwa kukimbia tu. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Mwamba. Wao walituzidi pointi moja, sare iliwatosha, na sisi tulihitaji ushindi ili tupande ligi ya juu. Siku tano kabla tukamsikia Bwana Athumani akisema ng'ambo ya ukuta, "Mwamba wamekwenda mpaka Sumbawanga. Mimi najua. Sisi tukikaa hivi hivi tutakuwa tumewapelekea ng'ombe machinjioni." Mchana ule vijana hawakumaliza ugali. Nakumbuka sinia lilirudi jikoni na matonge yamebaki, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Kwa Elia palikuwa na jambo la zaidi. Mwezi mmoja nyuma alikuja bwana mmoja kutoka Dodoma, amevaa suti ya Kaunda, akaangalia mechi yetu akiwa amesimama peke yake karibu na kona. Taasisi yake ilikuwa na timu, na ilikuwa inawapa wachezaji kazi. Alimwambia Elia mbele yangu: "Pandeni ligi, mimi nikuchukue. Nikichukua mtu wa timu iliyobaki chini, wakubwa zangu wataniuliza nimeokota wapi." Wakati ule kazi ya taasisi ilimaanisha chumba, sare, na mguu wako kuwa na thamani mpaka utakapochoka. Elia hakuwa msemaji, lakini wiki ile aliniambia kwamba akifika Dodoma atapasi mashati yake kwa pasi ya umeme. Ndicho alichokitaja, pasi. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nikachaguliwa kwenda Nduguti kwa sababu sikuwa na kazi ya kuomba ruhusa. Siku hizi Nduguti ni makao makuu ya wilaya, ina maofisi mapya na watu wenye mafaili kwapani. Wakati ule nilishuka kwenye lori la mahindi nikatembea nusu saa na jogoo mweusi kwapani na tumbaku kwenye mfuko, vyote vya kumpa mzee ambaye Bwana Athumani alimsifia kwamba aliwahi kuifunga timu nzima ya Tabora miguu. Nikamkuta mke wake anapepeta uwele. Nikamwamkia, akanijibu kwa Kinyiramba, nikajikongoja kwa kile kidogo nilichokuwa nacho mpaka akanihurumia akahamia Kiswahili. Mzee hayupo, alisema. Amekwenda Meatu kwenye mahari ya mpwa wake, na watu wa Meatu wakianza kubishana juu ya ng'ombe, arudi lini anajua Mungu. Nikamweleza shida yetu. Aliacha kupepeta. "Mpira?" aliuliza. "Mzee wangu anatibu tumbo la watoto na mifugo. Mpira hajawahi hata kuuona." Akanikaribisha ugali na mlenda, nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu sikujua la kufanya. Jogoo alibaki pale. Sikuwa na uso wa kurudi naye.

Kwenye lori la kurudi nilikaa juu ya magunia nikiwaza nitakavyopokelewa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa narudi na mikono mitupu kwa watu kumi na watano walioacha ugali sahanini. Nikisema mzee hayupo, Bwana Athumani atasema nimepotea njia, nimelewa, nimenunuliwa na Mwamba. Na vijana wataingia uwanjani wamekwisha kufungwa. Huo ndio utetezi wangu, nimeutumia miaka mingi, na umechakaa. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa kusemwa. Tulipofika kizuizi cha Iguguno, askari wa mazao alitushusha akaanza kuandika majina ya abiria. Bibi mmoja mwenye debe la karanga alikataa. Alisema jina lake haliachi kwenye karatasi ya mtu asiyemjua, kwa sababu karatasi inabaki na yeye anaondoka. Askari alibembeleza, akatisha, mwisho akachoka akamwandika "mama wa karanga". Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata sharti langu.

Nilifika kambini wakati wa chakula cha jioni. Bwana Athumani akanivuta sebuleni, na nikasema kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta, nikijua wenzangu wote wametega masikio. Nikasema mzee wa Nduguti ameufunga mchezo. Nikasema ametoa sharti moja tu, lakini gumu: nahodha asiandike jina lake kwenye karatasi yoyote siku ya mechi mpaka filimbi ya mwisho ilie. Bwana Athumani alifumba macho kidogo. "Umeona?" alimwambia mwenzake. "Wengine wangesema hirizi, wangesema mayai. Huyu ni fundi kweli." Kwa sharti kuwa la ajabu hivyo, hakuna aliyefikiri kwamba kijana kama mimi angeweza kulibuni. Nikarudi chumbani, nikakuta vijana wanaimba. Mama Saida akaongeza sinia la pili, likaisha.

Elia hakuimba. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, wengine walipokwenda kuoga, alibaki chumbani anashona soksi. Akaniuliza bila kuniangalia, "Rama, umemwona huyo mzee kwa macho yako?" Chumba kilikuwa kitupu. Ukutani upande wa pili hakukuwa na mtu, Mama Saida alikuwa sokoni. Sijawahi kupewa mlango uliofunguka wazi namna ile, tangu siku hiyo mpaka leo. "Nimemwona," nikasema. Akauma uzi kwa meno. "Mimi ni mtu wa kwaya," akasema. "Haya mambo yananikaa vibaya. Lakini nikisaini halafu tukafungwa, watasema Elia ametuuza. Nisiposaini tukafungwa, hakuna wa kunilaumu. Basi nitakaa bila kusaini, Mungu atanisamehe." Nikamwambia Mungu ni mwingi wa rehema. Yaani nilimfariji. Nikikumbuka neno hilo nikiwa peke yangu, huwa nasimama nikatoke nje.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya majabali yaliyo upande wa magharibi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka huko huko. Kabla ya mchezo mtu wa meza ya waamuzi akaleta fomu ya mchezo. Nahodha wa Mwamba akasaini. Elia akasema ameumia kidole, atasaini mapumziko. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kufika, kipaza sauti kinaita timu, mtu wa meza akaondoka haraka. Mapumziko Elia alibaki katikati ya uwanja akijidai ananyoosha misuli. Mimi nilimwona yule mtu wa meza akimpungia kalamu kwa mbali, nikaangalia kwingine.

Kuhusu mchezo wenyewe, niseme kwa haki: tulicheza vizuri. Kipindi cha kwanza upepo ulikuwa wao, Shabani akaokoa mipira mitatu ambayo mpaka leo anaihesabu kuwa saba. Kipindi cha pili tukawakalia. Zikiwa zimebaki kama dakika tano, nilirusha mpira kutoka pembeni. Elia alikuwa amelipa lango lao mgongo, beki wao amemng'ang'ania mguu wa kulia, kwa sababu Singida nzima ilijua Elia ni mguu wa kulia. Akaushusha kifuani, akageukia upande ambao hakuna aliyemtarajia, akaupiga kwa mguu wa kushoto, mkavu, chini, kwenye pembe. Golikipa hakuinua hata mkono. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilisikia mlio wa mguu na mpira, na ulikuwa mlio ule ule ulionikatizia usingizi mwaka mzima. Mara filimbi ya mwisho ikalia, watu wakamwagika uwanjani kutoka kwenye majabali, wakambeba Elia juu juu wakamzungusha mpaka barabarani. Alikuwa anapiga kelele anataka kushushwa akasaini, nao wakadhani anashangilia. Walipomtua mbele ya bucha ya Bwana Athumani, mtu wa meza alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake na kuondoka.

Tulikuwa mabingwa kwa siku mbili. Siku ya tatu Mwamba wakakata rufaa kwamba Alizeti ilicheza bila nahodha kutia saini, kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni haikuwepo uwanjani. Haikuwepo! Watu elfu walituona. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tuliwaambia, lakini kanuni ilikuwa imeandikwa na fomu ilikuwa mezani na mahali pa Elia palikuwa peupe. Tuliitwa ofisi ya chama cha mpira asubuhi, chumba chenye meza ndefu, dirisha lisilofunguka na wanaume watatu waliochoka. Mimi nilikuwepo kama katibu msaidizi, na kazi yangu ilikuwa kuandika yanayosemwa. Mwenyekiti aliuliza kwa upole, "Nahodha, kwa nini hukutia saini?" Angesema sharti, timu ingefungiwa kwa ushirikina, na kamati yote pamoja nayo. Elia aliangalia viganja vyake. "Nilisahau," akasema. Mwenyekiti akauliza mara ya pili, kama mtu anayempa nafasi, na Elia akajibu vile vile. Kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye la kuongeza. Akatuangalia mmoja mmoja. Mimi niliandika kwenye karatasi yangu, kwa mwandiko wangu mzuri: hakuna mwenye la kuongeza.

Mwamba wakapanda. Bwana wa Dodoma akachukua vijana wawili wa kwao, na kwa Elia hakupita hata kuaga. Mjini wakaanza kumwita mzembe, nahodha aliyesahau jina lake mwenyewe. Akiingia karakana, wateja walimwuliza kama hajasahau miguu ya kitanda. Hao ni wa nje, wasiojua. Sisi wa ndani tuliojua sharti hatukumtetea, kwani tungelazimika kusema. Ila wenzangu walikuwa na namna yao ya kujifariji, nayo nadhani ilikuwa mbaya zaidi. Walisema dawa ilifanya kazi yake, goli lilipatikana, karatasi ni mambo ya serikali. Kila waliposimulia, goli lilikuwa la mzee wa Nduguti. Kosa likawa la Elia, ushindi ukawa wa mtu aliyekuwa Meatu akibishania ng'ombe. Kabla mvua hazijaanza Elia alifunga godoro lake akarudi Ulemo. Nilimsindikiza stendi. Tuliongelea bei ya misumari.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda zaidi ya miaka arobaini bila kufika mwisho. Si kwamba sikuonana naye. Tulionana kwenye harusi, kwenye misiba, mara nyingine Ikungi kwenye mnada, yeye akiuza viti na mimi nikizunguka na mizigo yangu ya vitambaa. Kila mara nilisema leo, na kila mara palikuwa na mtu wa tatu, au jua limezama, au Elia amefurahi na sitaki kumharibia. Nilijikasirikia, nikamkasirikia na yeye kwa kutoniuliza tena. Hata Mama Saida, alipokuwa amelala kitandani mwishoni mwa maisha yake, aliniambia, "Rama, yule mtoto wa Ulemo hakuwa msahaulifu. Nilikuwa namwachia ufunguo wa stoo." Nikasema ndiyo, mama. Nikampa maji.

Mwezi mmoja kabla Elia hajafa nikapata habari kwamba sukari imemla mguu na haendi tena karakanani. Nikapanda gari la asubuhi nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye kiti alichotengeneza mwenyewe, mguu umewekwa juu ya kigoda, redio inatangaza mpira wa ligi kwa sauti ya chini. Mkewe, Mama Neema, alinikaribisha, tukajuliana hali za watoto wote hadi wa mwisho, akaenda jikoni kunichinjia kuku. Nikaona tukibaki hivi nitakula kuku nirudi zangu. Basi nikasema yote, haraka, nikiangalia sakafu. Nilipomaliza, Elia alinyoosha mkono akazima redio.

"Hakuwepo?" aliuliza.

"Hakuwepo. Alikuwa Meatu kwenye mahari."

"Na mkewe hakukupa kitu? Hata unga wa kunusa?"

"Alinipa mlenda."

"Na habari ya kusaini?"

"Niliipata kwa bibi mmoja kizuizini Iguguno. Nikaitunga juu ya magunia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Niliyataka, kusema kweli, nilikuwa nimeyasubiri miaka yote kama mtu anayesubiri mvua, na kila alivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kukereka. Nilitaka anifukuze kabla kuku hajaiva.

"Mimi niliungama, Rama," akasema mwishowe. "Niliporudi huku nilisimama mbele ya usharika nikasema nimeshiriki uganga kwenye mpira. Wakanitenga meza ya Bwana miezi mitatu. Nikakaa benchi la nyuma na wenzangu wa kwaya wanaimba mbele." Alisugua goti lake. "Nililitubu lile goli. Nikajiambia si langu, nisilitaje tena. Watoto wangu wote hawalijui."

Nilikuwa nimehesabu mambo niliyomnyima, Dodoma, kazi, jina lake mjini. Hili sikuwa nalo kwenye hesabu. Nilimwangalia, nikaona uso wake unabadilika taratibu, na haukuwa unabadilika kwa hasira. Aliuangalia ule mguu wa kushoto juu ya kigoda, umevimba, umefungwa bandeji. Akaanza kutabasamu, mzee wa miaka sitini na kitu, mbele ya mtu aliyemharibia maisha, nami nikatamani ardhi inimeze kwa sababu furaha ile ningeweza kumpa siku yoyote, bila gharama, tangu mchana ule anashona soksi.

"Mama Neema," aliita. "Mama Neema, hebu acha hiyo kazi uje usikie. Lile goli nilifunga mimi mwenyewe."

Mama Neema akaja akasimama mlangoni, mwiko mkononi, manyoya ya kuku yamemganda kwenye kanga. Walikuwa wameoana miaka thelathini na minane. Akaniangalia mimi, akamwangalia mumewe anayecheka peke yake kwenye kiti.

"Goli gani?" akauliza.